Bwana Harusi wa Jumapili

— Hii voile uliivaa wapi?

Kijana aitwaye Kule alimwonyesha mchumba wake Scholastique picha kwenye simu, nyuma ya jiko la kasino. Kwenye picha Scholastique amevaa shela, kando yake mzee mnene na chupa mkononi.

— Tantine Emérance, dada ya mama, aliituma ku groupe ya famille. Mama aliiona.

Klabu ya kasino hiyo imepambwa kama kanisa. Kila Jumapili mchana, anayeshinda kwenye gurudumu la bahati hufungishwa ndoa ya mzaha na Scholastique, watu wacheke, wanywe. Kazi ni kazi. Lakini shela la klabu lilichanika, naye, masikini, akavaa lile alilopewa na mama yake Kule kwa harusi yao, ambalo mama huyo mwenyewe aliolewa nalo Butembo.

— Ya hapa ilipasuka. Patron alisema bila voile hakuna kazi. Nilijisemea nitaifula tu.

— Mama anasema alisha kuona mu harusi na mwanaume mwingine. Hakutaki tena.

— Na weye?

Kule akatazama chini.

— Mbuzi za mahari zilisha enda Boga, kwa wazazi ya Hélène, ule Mama alinichagulia.

Simu ya Scholastique ikalia. Ujumbe wa Fiacre, mshereheshaji: «Schola, njoo. Watu wanangoya.»

Akajifuta macho, akavaa lile lile shela la mama, akaingia ukumbini. Gurudumu likampa ushindi dereva mmoja wa lori. Kule akamfuata dereva, akamnong'oneza amwachie nafasi. Dereva akacheka, akampisha.

Fiacre, ndani ya kanzu ya padri, akauliza:

— Bwana, unamukubali huyu?

Wengine hujibu kwa utani. Kule alijibu polepole:

— Namukubali. Mbele ya Mungu na watu.

Ukumbi ukaangua kicheko.

— Na weye, Schola?

Moyo ulimuuma kweli. Alimpenda huyu mwoga.

— Namukubali.

Muziki ukapigwa. Kule akamvua shela, akalikunja, akalitia mfukoni.

— Unaipeleka wapi?

— Mama aliniagiza. Pasteur ataiombea ikuwe safi, kisha Hélène ataivaa.

— Voile inaombewa. Na miye, Kule? Miye siwezi kuombewa?

Kule akatoka.

Fiacre alikuwa ameshaita bwana harusi mwingine. Scholastique akavuta kitambaa cheupe cha meza, akajitanda kichwani, akarudi kusimama mahali pake.