Mbweha Watano wa Sanetti

Koti lilikuwa moja, na waliolishika walikuwa wawili. Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, katika vichochoro vya mitumba pale Merkato, Addis Ababa, na wapagazi wenye magodoro kichwani walikuwa wakipiga kelele watu wawapishe. Behredin aliushika mkono wa kulia wa koti. Wa kushoto aliushika msichana mwenye mtandio wa rangi ya zafarani, sketi ndefu nyeusi na raba zilizokaukiwa na tope.

“Dada, nimeliona kwanza.”

“Wewe umeliona. Mimi nimelishika.”

“Ni koti la kiume hili.”

“Baridi haichagui.”

Mwenye duka aliwatazama, akacheka. “Si muoane tu, mlivae kwa zamu!”

Msichana aliinamisha uso kuficha tabasamu, lakini Behredin alikuwa ameshaliona. Alikuwa na miaka thelathini na moja, na studio ndogo mtaa wa Piassa. Tangu ujana wake alikuwa akipiga picha za harusi, na alijua tabasamu la kweli na la kuombwa. Siku hiyo, kama kawaida yake, alivaa shati jeupe lililonyooshwa na viatu vyeusi vinavyong’aa.

“Unaenda wapi na koti zito hivi?” aliuliza msichana.

“Bale. Nimechoka na keki na mashela. Nataka milima, na mbweha wekundu.”

Msichana alimtazama kuanzia viatuni kwenda juu, taratibu. “Na viatu hivyo?”

“Vina nini?”

“Mbweha watajitazama humo kama kwenye kioo.”

Aliitwa Momina, mzaliwa wa Goba huko huko Bale, daktari wa mifugo aliyefanya kazi na hifadhi ya taifa. Alikuwa amekuja mjini kuchukua chanjo ya kichaa cha mbwa. Mbweha wekundu walikuwa wamebaki wachache mno, na mbwa mmoja mgonjwa wa wafugaji aliweza kumaliza ukoo mzima. Kwa hiyo Momina aliwalinda mbweha kwa kuwachanja mbwa.

Aliuachia mkono wa koti. “Chukua. Mimi nimezaliwa kwenye baridi ile, wewe itakumaliza. Ukifika Goba nipigie. Lakini nunua viatu kwanza.”

Behredin alifika Goba mwishoni mwa Novemba, na viatu vipya. Momina alimkabidhi kwa mzee Jeylan, askari wa hifadhi kwa miaka thelathini, mtu wa blanketi begani na manung’uniko mdomoni. Kila alfajiri walipanda uwanda wa Sanetti pamoja. Majani yalikuwa meupe kwa barafu, mimea mirefu ya lobelia ilisimama ndani ya ukungu kama watu wanaongoja kitu, na fuko walichungulia kutoka mashimoni wakarudi. Behredin alipiga picha za maziwa, za miamba, za jua likivunja mawingu chini ya miguu yake. Lakini kila alipoona mgongo mwekundu ukipita alikimbia, na kila alipokimbia mgongo ulipotea.

“Unamkimbiza kama bibi harusi aliyechelewa,” alisema Momina siku ya tatu.

“Maharusi nawaambia geuka kushoto, wanageuka.”

“Huyu hakukuajiri. Kaa chini, nyamaza.”

Alikaa. Makalio yakafa ganzi, pua ikatiririka. Baada ya saa mbili mbweha akapita hatua kumi mbele yake, tumbo likigusa majani, akimvizia fuko, wala hakumjali. Behredin alisahau kubonyeza kamera. Momina, aliyekuwa ameketi kando yake, aliliona hilo, na ndilo lililomfanya siku iliyofuata ampeleke mahali ambapo hakuwahi kumpeleka mgeni.

Kati ya miamba miwili palikuwa na shimo, na mbele ya shimo mama mbweha alikuwa amelala akinyonyesha watoto watano. Mmoja, mwenye doa jeupe kifuani, aliliacha ziwa akauma mkia wa mama yake.

“Piga,” alinong’ona Momina. “Picha ni yako. Mahali si pako. Usimwambie mtu ni wapi.”

“Simwambii mtu.”

“Sema wallahi.”

“Wallahi.”

Wakati wa kushuka Momina alimshika mkono apite kwenye utelezi. Utelezi ulipokwisha, hakuuachia.

Behredin alirudi Addis, na simu zikaanza.

“Uko wapi, mbona kelele?” aliuliza Momina Jumapili moja.

“Harusini. Wewe?”

“Nazalisha ng’ombe. Mkono mmoja uko ndani.”

“Yarabi! Nipigie ukiutoa.”

“Nimeshakupigia kwa huu mwingine, mpenzi.”

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Maharusi walikata keki yao, wakalishana, watu wakapiga vigelegele, na mpiga picha alikuwa amesimama dirishani akicheka peke yake.

Mwezi huo alipeleka picha ya mama na watoto watano kwenye mashindano ya picha za mandhari na wanyama. Aliikata vizuri: hakuna mlima, hakuna njia, hakuna kitu cha kumwonyesha mtu ni wapi. Ikachaguliwa miongoni mwa picha kumi za mwisho. Wenye mashindano wakaiweka kwenye tovuti yao, na ndani ya wiki moja ilikuwa kwenye simu za nusu ya mji.

Kisha siku moja adhuhuri Momina alipiga, na sauti yake haikuwa yake.

“Ulimwambia nani?”

“Nani, nini?”

“Magari matatu, Behredin. Watu kumi na mbili, na kamera, na muziki. Dereva ana ramani kwenye simu, imemfikisha mpaka mlangoni mwa shimo! Mama amehamisha watoto mchana kweupe. Amewahi kuwabeba wanne.”

“Na wa tano?”

“Wa tano nimemwokota mimi. Mwenye doa. Alikuwa ameshapoa.”

Behredin aliketi sakafuni, simu sikioni.

“Pale tumefika watu watatu tu,” alisema Momina. “Mimi, wewe na mzee Jeylan. Na mzee Jeylan hana hata simu.”

Akakata. Behredin alipompigia, simu haikuita. Alipomwandikia, ujumbe haukufika. Alikuwa amemfungia.

Siku mbili hakula kitu cha maana. Dada yake Semira, aliyekaa mapokezi pale studio, ndiye aliyeketi na kompyuta akaichambua ile picha kwenye tovuti. Akamwita.

“Kaka, picha yako ina anwani.”

“Anwani gani? Nimeikata yote.”

“Umekata inayoonekana. Kamera yako inaandika ndani ya kila picha mahali ilipopigwa. Ona, hii hapa. Mtu yeyote akiipakua, anapata njia mpaka Sanetti.”

Behredin alikaa kitini. Kitufe cha kuzima jambo hilo alikuwa anakijua. Hakuwahi kukigusa, kwa sababu harusini hakuna anayeficha ukumbi.

Siku ya zawadi alivaa suti yake ya kazini, akapanda jukwaani kabla jina lolote halijatajwa, akaomba picha yake iondolewe ukutani na kwenye tovuti. Akaeleza sababu mbele ya watu wote, mtoto mwenye doa na kila kitu. Siku iliyofuata alimwachia Semira studio, akaenda Goba.

Hakwenda kwa Momina. Alikwenda kwa mzee Jeylan.

“Mzee, nimekosa.” Akamsimulia.

Mzee Jeylan alimsikiliza huku akikuna mguu kwa fimbo. “Hayo ya ndani ya picha mimi siyaelewi. Ninayoyaelewa ni magari. Bado yanakuja. Kesho saa kumi na mbili asubuhi uwe kwenye kona ya njia.”

Behredin akasimama kwenye kona ile wiki tatu. Kila gari lililotaka kuiacha barabara na kuingia majanini alilisimamisha. “Picha mliyoiona niliipiga mimi,” aliwaambia. “Shimo ni tupu. Mtoto mmoja amekufa kwa uzembe wangu. Tafadhali msiende.” Wengi waligeuza. Wengine walimtukana kwanza, ndipo wakageuza. Midomo yake ilipasuka kwa upepo, ndevu zikaota ovyo.

Kila asubuhi gari la hifadhi lilipita, Momina ndani yake, macho mbele. Jioni moja mzee Jeylan alikuwa amemfuata nyumbani kwao akamweleza yote, hata habari ya jukwaani, na usiku ule Momina alilia akiwa amejifunika blanketi. Lakini kila alipotaka kusimamisha gari alimkumbuka yule mtoto kiganjani mwake, mguu ukakanyaga mafuta.

Hatimaye alisimama kwa sababu ya kazi. Mama mbweha alikuwa amehamia bonde lenye kambi za wafugaji, mbwa wa huko hawakuwa na chanjo, na msaidizi wake alikuwa kitandani na homa.

“Unajua kushika mbwa?” aliuliza bila kumtazama.

“Nimewahi kuwashika mama wakwe wawili wasiopatana, wakasimama picha moja.”

Momina aliuma mdomo wa chini. “Panda.”

Mbwa walikuwa sitini, wakubwa, wakali, masikio yamekatwa. Behredin aliwaendea kama alivyowaendea maharusi wenye hofu, kwa sauti ya chini na maneno matamu. Wafugaji walicheka mpaka wakashika mbavu. “Huyu anambembeleza mbwa wangu kuliko ninavyombembeleza mke wangu!” alisema mmoja, na mkewe akaitikia toka mlangoni, “Kweli kabisa!” Mbwa wa hamsini na tatu hakukubali kubembelezwa. Alimng’ata mkono.

Momina aliuosha mkono ule kwa sabuni na maji mengi, muda mrefu, kama inavyotakiwa. “Leo hii unakwenda hospitali, uchomwe sindano.”

“Sawa, daktari.”

“Siku ile kwenye simu, mbona ulinyamaza?”

“Nilikuwa sijui kitu. Na nilipojua, nikaona kutojua kwangu hakumfufui yule mtoto.”

Maji yaliendelea kumwagika. “Nilidhani umetuuza. Nilikuchukia kwa jambo ambalo hukulifanya.”

“Nililifanya, Momina. Sikukusudia tu.”

Alimtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu Desemba. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa bega kwa sababu mikono ilikuwa na sabuni. “Mimi Bale sihami,” alisema. “Ulijue hilo mapema.”

“Sijakuomba uhame. Kwani Goba watu hawaoi?”

“Wanaoa sana. Baada ya mavuno ni kila wiki.”

“Basi Semira abaki na Piassa. Mimi nataka Goba, kama utanitaka.”

“Usiniulize mimi,” alisema Momina, mkono wake uliolowa ukiwa bado juu ya wake. “Tuma wazee.”

Alhamisi, jua halijapanda, mzee Jeylan na wenzake wawili walikwenda kwa mzee Hussen, baba yake Momina, mkulima wa shayiri na mfugaji wa farasi. Mara mbili kabla walikuwa wamerudishwa, ndivyo mila inavyotaka. Safari hii waliketishwa, wakapewa kahawa. Behredin aliachwa nje barabarani, mkono una bendeji. Momina alikuwa jikoni, ameacha maziwa yachemke mpaka yakamwagika, sikio ukutani.

“Huyu kijana,” alisema mzee Hussen, “ndiye aliyeyaleta yale magari?”

“Ndiye,” alijibu mzee Jeylan.

“Na aliyeyarudisha?”

“Ni huyo huyo.”

Mzee Hussen alikunywa kahawa yake mpaka ikaisha. Akageuza kikombe, akatazama nje kupitia mlango ulio wazi.

“Mbona mmemwacha kwenye baridi?” alisema. “Mwiteni aingie.”