Jiwe Linalowaka

"Ondoa hilo mbele yangu! Mwanangu haoi kwa almasi ya njano!" mama wa kijana alimfokea sonara.

Sonara alikuwa amelaza mawe mawili kifudifudi juu ya karatasi nyeupe, maana hapo ndipo rangi haijifichi. Moja jeupe pe. La pili lilikuwa na unjano wa mbali, kama maji yaliyoguswa na chai.

Binti waliyemwita Kimya, fundi cherehani, alikuwa akilitazama hilo la pili. Mchumba wake, fundi friji, alikuwa akitazama viatu vyake.

Sonara akavuta pazia la kona, akawasha taa ndogo ya zambarau. Lile la njano likawaka buluu!

"Heee! Taa ya disko hiyo!" mama mkwe mtarajiwa alipiga kelele. "Feki!"

"Si feki, mama. Almasi halisi nyingi huwaka hivi. Na juani, huo ubuluu huweza kuufunika unjano. Mengine yakiwaka sana huwa na ukungu, ndiyo maana ni vizuri mtu alitazame kwa jicho lake."

"Naomba nilitazame mlangoni," Kimya alisema kwa sauti ndogo. Hata uzi hakuwahi kuchagua bila kuutoa kwenye mwanga wa nje.

Sonara akalishika kwa kibano, wakatoka. Juani jiwe lilikuwa safi, jeupe, linacheka.

"Nataka hili," alisema waliporudi.

"Nani kakuuliza?" mama alifoka.

Simu ya Kimya ikatetemeka. Ujumbe ulitoka kwa mchumba wake, aliyesimama ubavuni pake: *"Mpenzi, mkubalie mama yaishe. Tutaongea nyumbani."*

Kimya akausoma kwa sauti, neno kwa neno. Fundi friji akatamani kuingia kwenye friji.

"Mimi ndiye mnayeniita Kimya," alisema. "Leo mbona wewe ndiye bubu? Mama, nakuheshimu. Lakini pete nitavaa mimi. Nikinyamazia kidole changu, kesho nitanyamazia jiko langu, keshokutwa watoto wangu. Sitaki! Kama ni lazima nichaguliwe, basi mchagulieni na mke mwingine."

"Unasikia anavyonijibu?" Mama akapiga meza kwa kiganja, chini kabisa ya ile taa.

Pete yake ikawaka buluu.

Sonara akakohoa. Mama akautazama mkono wake kana kwamba ameuazima.

"Hii... hii alinivisha marehemu baba yenu."

Kimya hakucheka. "Ni nzuri sana, mama. Basi hili ni mdogo wake." Akamgeukia mchumba. "Nasubiri. Kwa mdomo, si kwa simu."

Fundi friji akainua macho kutoka kwenye viatu. "Mama, wewe ni mama yangu, hilo halibadiliki. Lakini anayevaa ni yeye. Tunachukua linalowaka. Nilipaswa kusema tangu tulipoingia."

Mama akaigeuzageuza pete yake, ikazima, ikawaka.

"Haya. Ila mpimeni kidole vizuri," alimwambia sonara, "huyu akibanwa anang'ata."

Simu ikatetemeka tena: *"Bado umenikasirikia?"*

"Wewe!" Kimya akamkazia macho. "Mdomo!"

"NAKUPENDA!" akapiga ukelele, mpaka wapita njia wakachungulia dirishani.

"Sasa ndiyo nimesikia," alisema Kimya, akamnyooshea sonara kidole.