Walinzi wa Kibanda Kitupu

Kila asubuhi, kabla basi la shule halijafika, Fredy alikuwa na kazi moja nyumbani kwao Wheaton, Marekani: kumshika mdogo wake Anitha wakati Bibi Leokadia akipooza uji. Bibi aliumimina uji kutoka kikombe hadi kikombe, juu juu, bila kudondosha tone, huku macho yake yakiwa kwenye televisheni. Katuni zilianza mapema. Bata mwenye duka aligombana na kobe aliyekuja kukopa, na Bibi akacheka mpaka kilemba kikamlegea. Cha ajabu ni kwamba alicheka mahali hasa pa kuchekea.

"Kula, mume wangu," alimwambia Fredy, maana bibi na mjukuu ni watani. "Maliza hicho chakula chako cha ndege, basi lisikuache."

Chakula cha ndege ni zile nafaka za boksi ambazo Fredy alizila kwa maziwa baridi.

Bibi alikuwa amekuja kutoka Kibosho, mlimani Kilimanjaro, wakati wa theluji. Alikuja kumlea Anitha, kwa sababu Mama Dorothea alifanya kazi kwa zamu katika nyumba ya kutunzia wazee, na Baba aliendesha lori la safari ndefu. Bibi hakujua Kiingereza, au ndivyo kila mtu alivyoamini. Dukani Fredy ndiye aliyemtafsiria. Na kama watoto wengi wa huko wanaowatafsiria wazee wao, alikuwa amejifunza kukata. Keshia akimsifia mtoto kwa maneno marefu mazuri, Fredy alisema, "Anasema asante." Bibi akilalamika kwa kirefu juu ya bei ya ndizi mbichi, Fredy alimgeukia keshia akasema kwa Kiingereza, "Anasema kwaheri."

Mtu akizoea kukata, haoni kazi kuongeza.

Siku moja, theluji ikiwa bado haijayeyuka, mwalimu aliuliza darasani babu zao walifanya kazi gani. Babu wa Abigail, msichana mrefu ambaye darasa zima lilimfuata, aliendesha treni zipitazo chini ya ardhi. Mwingine babu yake alikuwa rubani. Babu wa Fredy, marehemu Babu Anatoli, alikuwa mlinzi wa ghala la kahawa la chama cha ushirika. Fredy alilipima neno hilo kichwani akaliona limechakaa. Zamu yake ilipofika, alisema babu yake alikuwa mfalme.

"Kwa hiyo bibi yako ni malkia?" Abigail aliuliza.

"Ndiyo."

"Ana askari?"

"Wengi tu."

"Mbona tumemwona kabeba mtoto mgongoni kule madukani?"

"Malkia wa kwetu hubeba watoto mgongoni. Ni mila."

Hapo ndipo Kimani alipodakia. Kimani aliishi jengo moja na Fredy, wazazi wake wametoka Nyeri, na karibu kila Jumamosi alikuja kula mtori wa Bibi, ile supu nzito ya ndizi na nyama. "Huyo si malkia," alisema. "Ni Shosho tu, bibi wa kawaida. Huwa anakunja nepi na mama yangu kwenye chumba cha kufulia."

Fredy alihisi masikio yanawaka. "Kimani ni mwongo," alisema. "Anaona wivu."

Darasa lilimwamini mfalme. Tangu siku hiyo Kimani alikula chakula cha mchana peke yake, karibu na pipa la taka, na Jumamosi hakuja tena kula mtori.

"Yule mtoto wa Mama Kimani amepatwa na nini?" Bibi aliuliza.

"Ana shughuli nyingi, Bibi."

"Mtoto wa umri huo ana shughuli gani? Anajenga?"

Fredy aliinama akafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa tayari.

Ikafika Jumamosi moja ya Juni, shule zikikaribia kufungwa. Mama alikuwa na mapumziko, akatangaza kwamba wote wanakwenda Oxon Hill, ukingoni mwa mto Potomac. Kikosi cha walinzi wa kifalme kutoka ufalme mmoja mdogo wa Ulaya kilikuwa ziarani, kikionyesha jinsi askari wanavyopokezana lindo mbele ya jumba la mfalme. Matangazo yalikuwa yamegawiwa shuleni, na Fredy alijua nusu ya darasa lingekuwapo. Alijikunja kitandani akasema tumbo linamsokota.

Bibi hakubishana. Alikwenda jikoni akarudi na kikombe cha majani machungu aliyoyasafirisha kutoka Kibosho yakiwa yamefungwa ndani ya soksi. Fredy alinusa mara moja akapona.

Ukingoni mwa mto watu walikuwa wamejazana kama wanagawiwa kitu cha bure, lakini kilichogawiwa ni jua tu. Walivaa kofia za manyoya za plastiki na kunyanyua simu zao juu, kila mmoja akipiga picha ya simu ya aliye mbele yake. Katikati ya uwanja palikuwa na kibanda chembamba cha mbao kilichopakwa mistari myekundu na myeupe. Mbele yake alisimama askari mmoja mwenye koti zito la sufi na kofia ya manyoya iliyomfunika nyusi. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni. Hakujipangusa.

"Huyu amekosa nini?" Bibi aliuliza.

"Hajakosa kitu, Mama," alisema Mama Dorothea. "Ni mlinzi wa mfalme. Haruhusiwi kutikisika."

"Mfalme yuko wapi?"

"Amebaki kwao."

"Sasa huyu anamlinda nani?"

"Ni maonyesho tu, Mama. Analinda hicho kibanda."

"Ndani ya kibanda kuna nini?"

Mama alichungulia kwa mbali. "Hakuna kitu."

Bibi alimhamishia Anitha begani na kumtazama yule askari kwa muda, kama mtu anayetazama ng'ombe ambaye hatamnunua. Nzi alikuja akatua puani mwa askari. Akatembea, akapumzika, akasafisha mikono yake. Askari akamwacha.

"Mtu asiyeweza kumfukuza nzi," Bibi alisema, "atamfukuza mwizi gani?"

Tarumbeta zililia. Askari wa pili alikuja akikanyaga chini kama anayeua mende. Walipigiana saluti, wakazungukana kama majogoo, wakapiga kelele za lugha ambayo hata wao hawakuonekana kuielewa. Wa kwanza akaondoka, wa pili akasimama palepale. Umati ukapiga makofi.

"Yule amechoka kulinda hewa," alisema Bibi, "amekuja huyu kuipokea. Na wote wawili wana mama zao, wamelishwa, wamesomeshwa."

Mama alikuwa ameenda kutafuta maji ya kunywa wakati Abigail na wenzake watatu walipotokeza kwenye umati. Nyuma yao, kando ya mama yake aliyekuwa akipiga picha, alisimama Kimani, mikono mifukoni. Abigail alimwona Bibi, akakunja magoti kwa heshima kubwa kama waigizaji wafanyavyo.

"Muulize malkia," alimwambia Fredy kwa Kiingereza, "kama askari hawa wanawafikia wa kwake."

Fredy alimgeukia Bibi. "Bibi, anauliza kama una njaa."

"Mwambie sina njaa," Bibi alijibu. "Miguu ndiyo inauma. Nataka pa kukaa."

"Anasema wa kwake ni bora zaidi," Fredy alitafsiri. "Wanasimama kwa mguu mmoja kutwa nzima."

Watoto wakashangaa. Abigail akauliza tena, "Anaweza kutualika ikulu kwake?"

"Bibi, anauliza kama umependa maonyesho."

"Mwambie kuku wangu wanajipanga vizuri kuliko hawa, tena wanataga."

"Anasema mtakaribishwa wote," Fredy alisema. Kila jibu lilizaa swali, na kila swali lilitaka jibu jipya lisimame pale la kwanza lilipochoka.

Abigail aligeuka nyuma. "Kimani, umesikia kwa masikio yako. Ulimwita Fredy mwongo mbele ya darasa zima. Muombe radhi, nawe urudi kula na sisi."

Kimani alitazama viatu vyake. Alikuwa amekaa peke yake muda mrefu sana, na mtu akikaa peke yake muda mrefu, hufika mahali akakubali kununua kampani kwa bei yoyote. Macho yalimjaa machozi.

"Fredy," alianza, "samahani kwa..."

Ndipo mkono wa Bibi ulipomgusa Fredy bega, taratibu.

"Mume wangu," alimnong'oneza kwa Kiswahili, "mimi sikuulizwa kama nina njaa."

Fredy aliganda kuliko yule askari.

"Tangu theluji nakaa na yule bata na yule kobe, asubuhi mpaka mchana," Bibi aliendelea. "Kiingereza, kukisema bado kunanishinda, kukisikia nakisikia. Nilijua pia alichosema yule mwanamke wa dukani juu ya mdogo wako, nikangoja uniambie. Nikasema, mtoto anachoka. Lakini leo mtoto wa watu anaomba radhi kwa kusema kweli, na wewe umesimama unaipokea."

"Waambie wewe, Bibi. Tafadhali."

"Kiingereza changu ni cha bata na kobe. Haya ni yako kuyasema." Bibi alivuta kiti cha plastiki kilichoachwa na mtu, akakaa. "Nitangoja. Ila mimi nangoja nimekaa. Sina kofia ya manyoya."

Fredy alimtazama Kimani. Angeweza kunyamaza. Neno moja tu lilikuwa limebaki, Kimani angelimaliza, na ufalme ungesimama mpaka shule zifungwe. Lakini aliwaza Jumatatu, na Abigail akiuliza lini watakwenda ikulu, na kitu gani kingine angekisimamisha hapo mbele.

"Usiombe radhi, Kimani," alisema, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza ili wote wasikie. "Mwongo ni mimi. Bibi yangu si malkia. Babu yangu alilinda ghala la kahawa. Kimani alisema kweli, mimi nikamsingizia."

Mmoja wa wale watoto alichekea puani. Abigail alikunja uso, akikumbuka jinsi alivyokunja magoti mbele ya watu. "Umetufanya wajinga," alisema.

"Ndiyo," Fredy alijibu.

"Ghala la kahawa," Abigail alisema baadaye kidogo, bado amenuna. "Walikuja wezi wa kweli, au hao nao umewatunga?"

Bibi aliinua kidole, akajibu kwa Kiingereza chake chote. "Wezi wa kweli. Wakubwa."

Watoto walishtuka, kisha wakacheka. Bibi akarudi kwenye Kiswahili, akaeleza, na safari hii Fredy alitafsiri neno kwa neno, hata pale alipotaka kukata. Babu Anatoli hakuwa na koti la sufi. Alikuwa na koti la mvua lenye matundu, tochi, na filimbi. Alikalia debe. Alipowashwa alijikuna, na nzi akitua usoni mwake alimpiga. Wezi walipokuja na gari alipuliza filimbi mpaka kijiji kizima kikatoka na mapanga, wezi wakakimbia wakayaacha magunia mtaroni. Ndani ya ghala lile mlikuwa na kahawa ya kila nyumba ya pale, pamoja na ile iliyomsomesha Mama Dorothea.

"Huyo ndiye mlinzi," Bibi alimaliza. "Kwa sababu ndani mlikuwa na kitu."

Kimani hakucheka na wenzake. "Nimekula peke yangu tangu wakati wa theluji," alimwambia Fredy, "na kila siku ulikuwa unaniona."

"Nilikuwa nakuona," Fredy alikiri. "Jumatatu nitasema mbele ya darasa lote. Mwalimu akiwepo."

"Sema kwanza. Halafu tutaona," Kimani alijibu, akarudi kwa mama yake.

Maonyesho yalipokwisha, askari walivua makofia yao na kunywa maji kwa pupa kama watu wa kawaida. Bibi aliinuka, akatembea mpaka kwenye kile kibanda, akaingiza kichwa ndani, akakagua juu na chini.

"Hakuna kilichoibwa," aliwatangazia. Kisha akamvuta Fredy kando yake. "Umekiona hiki? Ndivyo ulivyofanya darasani. Ulijenga kibanda hakina kitu, ukaweka uongo mmoja ukilinde. Ukachoka, ukaweka mwingine upokee lindo. Mwisho hukutosha wewe mwenyewe, ukataka na Kimani asimame juani kwa ajili yako. Ukweli wa babu yako haukuhitaji mlinzi hata mmoja. Ungeuacha hapo nje peke yake, usiku na mchana, ungeukuta. Kuanzia leo ukinitafsiria, tafsiri. Na ukiulizwa wewe ni wa nani, jibu kilichopo."

"Ndiyo, Bibi."

"Na yule mwanamke wa dukani alisema Anitha ana macho mazuri. Nami nilitaka kumjibu kwamba ameyarithi kwangu. Utamwambia."

Jumatatu Fredy alisimama mbele ya darasa. Alisema yote, mwalimu akisikia, na wapo waliomzomea. Mchana alichukua sahani yake, akapita meza ya Abigail, akaenda kukaa karibu na pipa la taka. Kimani hakumkaribisha wala hakumfukuza. Siku ya Alhamisi Kimani alimuuliza kama Shosho bado hupika mtori.

Jumamosi iliyofuata hodi ilipigwa. Bibi alifungua mlango, akawakuta Fredy na Kimani wamesimama kizingitini, wamenyooka.

"Hebu niambieni," Bibi alisema, akiwazibia njia kwa mwiko. "Leo zamu ya kulinda kile kibanda ni ya nani?"

"Hakuna, Shosho," Kimani alijibu.

"Tumekibomoa, Bibi," alisema Fredy.

"Vizuri. Basi acheni kusimama kama wale wa manyoya. Nendeni mkanawe mikono."