Nailoni kwenye Uso wa Biharusi

Ukimtaja Bi Mwanakheir mjini Unguja, mtu atakuuliza, "Yule anayesinga maharusi?" Ndiye huyo. Kwa miaka ishirini na tano hutwanga mwenyewe singo yake ya kusugulia ngozi za maharusi: mawaridi makavu, asumini, karafuu kidogo, na mlangilangi anaoletewa kutoka Kidichi. Mikono yake hunukia hata akimenya vitunguu.

Siku hiyo alikuwa Kiembe Samaki, nyumbani kwa Yusra, biharusi aliyekuwa akimfunda na kumtengeneza akiwa somo wake. Harusi ilikuwa imebakiza siku kumi na mbili. Mama yake Yusra alikuwa amekwenda sokoni. Yusra alitoa kichupa kidogo.

"Somo, hii vitamini A ya kupaka uso. Nimeinunua Mwanakwerekwe. Inalainisha ngozi, lakini wanasema taabu yake haiingii ndani."

"Haiingii kwa wao," alicheka Bi Mwanakheir. "Kwangu mie itaingia."

Alimsinga uso kwa nguvu mpaka ngozi ikateleza. Akampaka nusu ya kichupa. Kisha akakata nailoni ya kufunikia chakula, akambandika mashavuni na kwenye paji.

"Tulia saa moja. Ikikosa pa kutokea, itaingia tu." Hodari kweli kweli!

Nusu saa haijafika, Yusra akaanza kujinyonganyonga.

"Somo, inachoma!"

"Uzuri una taabu yake, mwanangu. Vumilia."

Saa ilipotimia, Bi Mwanakheir alibandua nailoni. Mashavu yalikuwa yameiva na kuvimba. Pembeni mwa pua ngozi ilikuwa imechubuka.

"Nipe kioo, Somo."

"Kioo baadaye."

Aliogopa uso wa mtoto wa watu usije ukabaki na makovu. Aliliogopa pia jina lake, maana mji huu habari haihitaji miguu. Akamfunika Yusra kwa mtandio, wakatoka haraka kwenda kwa jirani, Tahiya. Huyo ni muuguzi anayehudumia wagonjwa wa ngozi.

Njiani Bi Mwanakheir alimnong'oneza Yusra, "Tukifika, niachie mie niseme."

"Shikamoo, Bi Mwanakheir," Tahiya aliwapokea mlangoni.

"Marahaba, mwanangu. Hebu mtazame huyu."

Tahiya alimtazama Yusra, tabasamu likamfutika. "Mmempaka nini?"

"Singo tu."

"Singo tu? Basi labda yapo maua yaliyomkataa."

Yusra alimwangalia somo wake. Kwa adabu, akainamisha uso. Chozi lilimtiririka, na lilipopita kwenye shavu alishtuka kwa maumivu. Bi Mwanakheir hakustahimili. Akafungua mkoba, akatoa kichupa na kile kipande cha nailoni.

"Nimesema uongo. Nilimpaka hii baada ya singo, nikamfunika. Mwanangu, nimemharibu?"

"Umefanya vyema kusema," alijibu Tahiya. "Bila ya hivyo ningetibu kitu chengine."

Alimuosha Yusra kwa maji baridi mengi, bila kusugua. Akamwangalia macho. Akampaka mafuta mazito ya mgando yasiyo na manukato.

"Usitie singo, vitamini wala krimu ya kujichubua mpaka upone. Jikinge na jua. Jicho likivimba, au yakitoka malengelenge, hospitali hapo hapo."

"Lakini si vitamini?" aliuliza Bi Mwanakheir. "Mie nilitaka iingie tu."

"Ngozi ni ukuta, Bi. Inaruhusu kidogo kidogo. Wewe uliukwangua ukuta kwa singo, ukapaka nyingi, ukaifungia kwa nailoni. Imeingia, tena imezidi."

"Sasa wataalamu wanajuaje imeingia kiasi gani?"

"Wanapima. Mtu aliyekubali kujaribiwa hupakwa kiasi kinachojulikana. Baadaye hubandikwa utepe wa gundi na kubanduliwa, mara nyingi. Kila utepe hutoka na tabaka jembamba sana la ngozi. Kisha wanapima vitamini iliyomo kwenye kila utepe. Hivyo wanajua imefika wapi."

"Nasi nyumbani?"

"Nyumbani hatupimi hivyo. Tunajaribu kidogo upande wa ndani wa mkono, siku tatu. Pakiwa salama, kiasi cha punje ya mbaazi kinatosha uso mzima, usiku, na si siku ya singo. Matokeo ni wiki nyingi, si saa moja. Na mwenye mimba asipake kabisa vitamini A."

Jioni ile Bi Mwanakheir alimweleza mama yake Yusra kila kitu. Akasemwa, akaomba radhi. Kila asubuhi alikwenda kugonga mlango, kumtazama Yusra. Siku ya tano ngozi ilibanduka, Bi Mwanakheir akalia. Siku ya tisa uvimbe ulikuwa umekwisha. Siku ya harusi lilibakia doa dogo jeusi pembeni mwa pua. Yusra aling'ara nalo. Bi Mwanakheir alikaa nyuma ya wanawake wote, analiangalia lile doa.

Mwezi uliofuata aliitwa kumsinga Ummy. Ummy naye alitoa kichupa.

"Somo, nasikia una ufundi wako wa nailoni."

Bi Mwanakheir hakucheka. Aliushika mkono wa Ummy, akachora duara kwa kalamu upande wa ndani, akapaka tone moja.

"Siku tatu, hapa hapa. Singo tutaanza baadaye."

"Siku tatu zote, Somo? Kwa nini?"

"Mkono ukiharibika, utaufunika kwa nguo. Uso utaufunika kwa nini?"