Povu Lililobaki

Mwaka 1977, wanunuzi kutoka Uganda, ambako sabuni ilikuwa imeadimika, walijaa dukani mwa Jamiru mjini Busia. Walimsukuma Syprose hadi kaunta, kofia yake nyeupe ya uuguzi ikamlalia sikioni.

"Pole, sista. Umekuja kununua sabuni au kunitibu?"

"Unaumwa wapi?"

"Kabla hujaingia, sikuwa naumwa popote."

Syprose alicheka akiinamisha uso. Tangu siku hiyo, kwa maneno yake mwenyewe, sabuni ilikuwa ikimwishia upesi mno. Na simu ya duka ilipolia mchana, Jamiru alilifuta sikio la simu kwa mkono wa kanzu kabla ya kunong'ona, "Laazizi?"

Kisha Kadija, dada yake Jamiru, akajifungua kabla ya miezi kutimia. Mtoto aliguna kila alipopumua, vimbavu vikibonyea ndani. Jamiru alikimbilia wodini, akamkuta Syprose dirishani akitikisa kichupa, akikiinua juani, akitabasamu.

"Mtoto wa dada yangu anakufa, wewe unacheza na povu?"

"Jamiru, ngoja—"

"Angekuwa wa kwenu, ungecheza?"

Machozi yalimlenga Syprose. Alimvuta tu karibu na dirisha.

"Haya ni maji kidogo kutoka tumboni mwa mtoto. Nimeyachanganya na spiriti. Wewe muuza sabuni, spiriti hufanya nini kwa povu?"

"Hulivunja."

"Tazama basi."

Juu ya maji kulikuwa na pete ya viputo vidogo, ving'avu. Jamiru alisubiri vipasuke. Havikupasuka.

"Mapafu yana vifuko vidogo kama hivyo," Syprose alisema polepole. "Bila utelezi huu unaofanya povu, hugandamana kila mtoto anapotoa pumzi. Akiukosa, hakuna daktari popote duniani wa kumtilia. Wanajaribu kwa wanyama tu. Niliogopa sana. Lakini anao! Nadhani kinachomsumbua ni mapafu kuvimba kwa ugonjwa. Penisilini tunayo. Oksijeni tunayo."

"Nani alimtilia?"

"Si mimi."

Jamiru alikishika kichupa kwa mikono miwili. Alikuwa ameuza povu tangu utotoni, wala hakujua kwamba alizaliwa nalo kifuani.

"Nisamehe, Syprose."

"Neno lile limeniuma," alisema, akarudi kwa mtoto.

Hakuja tena dukani. Jamiru alikula bila kuonja, akawapa wateja sabuni za kufulia walipotaka za kuogea. Hatimaye simu ikalia. Hakuifuta.

"Hallo?"

Kilisikika kilio cha mtoto tu, kikali, kirefu, cha hasira.

"Unasikia?" Syprose akauliza.

"Nasikia. Syprose... sabuni bado unayo?"

Kilisikika kicheko kidogo, cha aibu.

"Sanduku zima. Sijafungua hata moja."

"Basi niletee yote. Uje nayo, ukae."

"Ifuate mwenyewe. Jumapili baba atakuwa nyumbani Malaba. Na uvae kanzu safi."