Wazee Walioketishwa

"Karibuni viti, wazee wangu," mama yake Meseret aliwasihi tena.

"Hatuketi, mama. Tuna neno," akajibu Mzee Workneh, ameegemea fimbo mlangoni, shuka zito jeupe limemfunika hadi kidevuni. Wenzake wawili walisimama nyuma yake. Walikuwa wametoka kijijini Menz alfajiri, wametumwa na Getaneh kumposa Meseret, na posa walikuwa wameshaitamka.

Kaka mtu, Natnael, akaangua kicheko pale kwenye kochi.

"Mshamba ni mshamba tu! Wanadhani kochi litawauma?"

"Natnael, nyamaza!" Meseret akamkaripia.

"Ninyamaze nini? Na shahada yako yote uolewe na fara, mshamba wa Menz? Ukachunge kondoo?"

Baba mtu aliyatazama matope kwenye zulia.

"Neno tumelisikia. Tutalifikiria."

"Basi tutangoja tumesimama," akasema mzee.

Meseret alitamani ardhi ipasuke. Getaneh alimpenda kufa, lakini hawa wazee aliwaonea haya, na haya haina dawa. Akamshika mzee mkono, akamnong'oneza:

"Baba, keti. Nakuomba."

Mzee alimtazama machoni. "Ni wewe unayesema, binti yangu?"

"Ni mimi."

Wazee wakaketi. Wakala mkate wa injera na mchuzi wa kuku, wakaibariki nyumba, wakaenda zao. Meseret akashusha pumzi.

Simu ikaita.

"Getaneh! Mambo mazuri, mpenzi, hata wamekula!"

"Kwa nini uliwaketisha?"

"Walikuwa wanachekwa..."

"Mshenga haketi mpaka apewe binti, Meseret. Akiketi kabla ya jibu, ameliondoa ombi. Baba mkubwa Workneh anasema umemwomba aketi kwa kinywa chako."

"Sikujua! Mimi nimezaliwa mjini, nani angenifundisha? Nawafuata stendi sasa hivi, nitawapigia magoti!"

"Wamekula kwenu. Hawarudi, na mimi sina ubavu wa kuwatuma tena."

"Nakupenda, Getaneh."

"Najua. Kaka yako aliwaita washamba, wakavumilia. Kilichowashinda ni haya yako."

Simu ikakatika. Akapiga, haikupokelewa. Akapiga tena, imezimwa.

"Mnaona?" Natnael alikuwa akichekelea. "Mshamba mwonyeshe sahani tu, anasahau kilichomleta!"

Machozi yakamtoka Meseret.

"Unalia nini tena?" mama yake akashangaa, akikusanya vyombo. "Si wameshaondoka?"

"Ndiyo, mama. Wameondoka."