Mbio Alizokatazwa Editha

Kila asubuhi Editha alifagia uwanja, akajaza ndoo bombani, kisha akakimbia hadi shuleni kwao Rudewa huku madaftari yakimpigapiga mgongoni. Hakuna msichana wa darasa la sita aliyemfikia kwa mbio, na sasa alikuwa amechaguliwa kwenda kwenye mashindano ya shule kule Mikumi.

Jioni moja mazoezini, akiwa amewaacha wenzake mbali, macho yaliingia giza. Alipozinduka, alikuwa chini, mdomo umejaa vumbi, maji yanamtiririka usoni.

"Amka, usideke!" alisema Mwalimu Bonifas, ndoo mkononi. "Hujala mchana wewe."

"Nimekula, mwalimu." Lakini aliinuka akakimbia tena, maana aliogopa kuachwa.

Wakati wa kurudi nyumbani alimshika mkono rafiki yake Angela. "Usimwambie bibi."

"Hii ni mara ya pili unaanguka, Editha."

"Ukisema, mimi na wewe basi!"

Angela alisema. Jioni ileile alipiga hodi kwa Bibi Yusta, akatoa shikamoo, akaeleza yote. Editha alitoka jikoni amefura. "Mmbea mkubwa! Una wivu kwa sababu hukuchaguliwa!" Angela aliondoka akilia.

Bibi hakutaka maneno mengi. Kulipokucha alimchukua Editha na baba yake, Samwel, wakaenda hospitali Kilosa. Daktari, mama wa makamo, alimsikiliza Editha moyo kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Katika ukoo wenu yupo aliyefariki ghafla akiwa kijana?"

"Hakuna," baba alijibu upesi.

Bibi akapiga meza kwa kiganja. "Samwel! Na kaka yako Mathayo?"

"Mama, tulikubaliana jina hilo lisitajwe. Mathayo alirogwa na timu pinzani."

"Nimenyamaza vya kutosha! Mwanangu alianguka akikimbiza mpira, mzima kabisa, hakuinuka tena. Mkaenda kwa waganga, mkagombana na majirani. Nani alimweleza daktari? Hakuna! Sasa na huyu mnataka tumzike huku tumefumba midomo?"

Baba aliinamisha kichwa. Editha hakuwahi kusikia jina hilo hata mara moja.

Daktari alimbandika nyaya kifuani, akapima umeme wa moyo. "Mapigo hayaendi sawa," alisema. "Kuna magonjwa ya moyo yanayorithiwa. Mtoto anaonekana mzima, kumbe moyo unaweza kusimama ghafla akikimbia. Nendeni Morogoro kwa vipimo zaidi. Kukimbia ni marufuku."

"Na Mikumi?" Editha aliuliza.

"Mikumi hapana, mwanangu."

Kesho yake Bibi alitinga uwanjani wakati wa mazoezi. Mwalimu alimwamkia.

"Marahaba. Kitendawili!"

Mwalimu alishangaa. "Tega."

"Nina mfanyakazi nyumbani. Nikilala, yuko kazini. Siku akipumzika, nazikwa."

"Moyo!" watoto wakapiga kelele.

"Watoto wanajua, mwalimu! Wewe ulimmwagia maji mtoto ambaye moyo wake unakwama, ukamrudisha mbioni!"

"Nimekosa, bibi," mwalimu alisema mbele ya wanafunzi wote. Wiki hiyohiyo alimwita muuguzi wa zahanati awafundishe. "Mtu akianguka, haitiki wala hapumui vizuri, iteni msaada haraka," muuguzi alisema. "Mbonyezeni katikati ya kifua, kwa nguvu na haraka, msiache hadi msaada ufike. Hata akitikisika msikimbie mkisema ni kifafa." Tangu hapo, aliyezimia au kuumwa kifua mazoezini hakurudi uwanjani bila kuonwa na daktari.

Morogoro walithibitisha ugonjwa, wakamwanzishia Editha dawa. Siku ya mashindano, gari la Mikumi lilipita mbele ya nyumba yao, wenzake wakiimba. Editha alitupa viatu vyake vya mbio ukutani.

"Nawachukia! Mwalimu, daktari, Angela! Na wewe, bibi!"

Bibi Yusta aliketi kando yake. "Kasirika, mjukuu wangu. Kasirika hadi uchoke. Mathayo hakupata nafasi ya kumkasirikia mtu. Mwili ukikupa dalili, useme. Na rafiki anayekusemea usipotaka kusema, huyo hakuonei wivu. Anataka uishi."

Editha alilia mpaka kwikwi zikaisha. Kisha akavaa kandambili, akaenda kwa kina Angela, bado amenuna, akitembea polepole.